Kesi ya mgonjwa aliyedhulumiwa huanzia kwenye bili

Mama akijifungua kwa njia ya kawaida, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma nchini Kenya, huilipa hospitali shilingi 10,000. Akijifungua kwa upasuaji, hulipa 30,000. Anayetaka kuielewa kazi ya mpelelezi wa ulaghai wa afya na aanzie kwenye hiyo tofauti ya 20,000, maana ndani yake mna wizi wa aina mbili.

Wa kwanza ni huu. Mama amejifungua salama, amerudi zake Kisauni, hapa Mombasa, na mwanawe mkononi, kisha mtu wa ofisini anaingiza kwenye kompyuta kwamba alipasuliwa. Walioibiwa hapo ni wachangiaji wote, tunaokatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Wa pili: mama angeweza kujifungua mwenyewe, lakini anaambiwa mtoto amechoka, aingizwe thieta upesi. Anapasuliwa kweli. Daktari ni wa kweli, nyuzi ni za kweli, bili iko sawa hadi senti ya mwisho. Kitu kimoja tu ni cha uongo, nacho ni sababu.

Huu wa pili ndio unaomwachia mama kovu la maisha na hatari zaidi katika kila mimba itakayofuata. Ndio pia mgumu kuthibitisha, na kwa hiyo ndio unaosikika kidogo. Tukisoma habari za ulaghai wa bima, tunasoma mabilioni. Mgonjwa hatajwi, au anatajwa kama jina lililotumiwa. Rai yangu ni kwamba wizi wa pesa na dhuluma kwa mgonjwa mara nyingi ni tendo moja lililoandikwa mahali pawili, na mpelelezi anayefuata pesa tu ameiacha nusu ya kesi hospitalini.

Marekani waliliona hilo mapema. Tangu sheria ya mwaka 1977, majimbo yamekuwa yakiunda vitengo maalumu vya kupambana na ulaghai katika Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini. Leo viko 53, ukihesabu na mji mkuu, Puerto Rico na Visiwa vya Virgin. Kitengo hicho hicho kinachochunguza madai ya uongo ndicho kinachochunguza wagonjwa kupigwa au kutelekezwa hospitalini na kwenye nyumba za kulelea wazee. Sheria inataka wanasheria, wapelelezi na wakaguzi wa hesabu wakae pamoja, na inakataza kitengo kuwa chini ya ofisi inayolipa madai. Serikali kuu hubeba robo tatu ya gharama. Si kwamba Marekani hawaibiwi, wanaibiwa sana. Ila mlalamishi anajua aende wapi.

Kwetu kuna milango mingi. Chukulia mfano wa bibi wa miaka sabini wa Likoni, presha imepanda, amekimbizwa kituo cha ngazi ya nne. Anawekewa dripu kwa muda wa saa tatu hivi, halafu anarudishwa nyumbani kwa tuktuk. Kwenye mfumo anaonekana amelazwa siku nne, na kwa kiwango cha shilingi 3,360 kwa siku, dai ni 13,440. Juu ya hayo mkono umevimba vibaya, kwa sababu sindano ilitoka nje ya mshipa na dripu ikawa inaingia kwenye nyama. Alipolalamika alikemewa anyamaze asisumbue wenzake.

Sasa alasiri hiyo moja igawanye. Zile 13,440 ni za SHA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2023 na kuanza kazi Oktoba 1, 2024 ikichukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya tangu 1966. Leseni ya kituo iko kwa Baraza la Madaktari, yaani KMPDC. Muuguzi ana baraza lake, klinikali ofisa ana lake, na dawa zina bodi yake. Mkono uliovimba, kama kuna kosa la jinai, ni wa polisi na DCI, idara yao ya upelelezi wa jinai. Kwa kuwa pesa ni za umma, EACC, tume ya kupambana na ufisadi, nao wanaweza kuingia kwa sheria ya ufisadi ya 2003. Kituo kikiwa cha serikali, wafanyakazi wake ni wa kaunti, maana afya imegatuliwa. Na katika wote hao hakuna hata mmoja anayeamua peke yake kumshtaki mtu kortini kwa jinai. Uamuzi huo, kwa kifungu cha 157 cha Katiba, ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Kila mlango una kipimo chake cha ushahidi na adhabu yake. Baraza linaweza kumnyang'anya daktari leseni, lakini haliwezi kumfunga. Korti inaweza kumfunga, lakini inataka ushahidi usioacha shaka ya maana. Kesi ya kurejesha mali inatosheka na mizani kuelemea upande mmoja. Ndiyo maana daktari anaweza kushinda kesi ya jinai na bado akapoteza leseni, na watu wakashangaa, kumbe hakuna cha ajabu.

Ushahidi wenyewe unatoka wapi? SHA ina dai, lakini dai linaeleza kilichoandikwa tu. Ukweli uko kwenye vitu ambavyo hakuna aliyefikiria kuvighushi. Thieta ikifanya kazi huacha alama: kitabu cha thieta, sahihi ya aliyetoa nusukaputi, dawa ya ganzi ya uti wa mgongo iliyotoka stoo, nyuzi, glavu, mashuka yaliyokwenda kufuliwa, zamu ya wauguzi usiku ule. Kituo kikidai kimepasua kina mama arobaini kwa mwezi, na risiti za dawa zinaonyesha kilinunua ganzi ya watu sita, mpelelezi hahitaji kumuuliza mtu yeyote swali la kwanza.

Mashine za kusafisha damu ndizo zinazosema wazi kuliko zote. Kikao kimoja cha figo kinalipwa shilingi 10,650, na huchukua takriban saa nne, ukiongeza na muda wa kusafisha mashine. Mashine tatu zikifanya kazi asubuhi mpaka usiku haziwezi kuhudumia watu ishirini kwa siku, hata wafanyakazi wawe malaika. Vitanda vilevile: leseni inaonyesha kituo kina vitanda vingapi, na madai yanaonyesha wangapi walilala Jumanne fulani. Hapo mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kuwa mpelelezi.

Kisha kuna kitabu cha wodi. Cha kweli ni kichafu. Kina wino wa kalamu nne tofauti, kwa sababu kalamu za wodini huazimwa na hazirudi. Kina doa la chai, jina lililokatwa na kuandikwa tena, mstari ulioandikwa pembeni kwa sababu mgonjwa aliletwa katikati ya kubadilishana zamu. Kitabu kilichoandikwa upya baada ya kusikia ukaguzi unakuja ni kisafi. Miezi mitatu, mwandiko mmoja, wino mmoja, kona za kurasa hazijakunjika. Mtaalamu wa maandishi ataandika ripoti yake baadaye, lakini mpelelezi aliyewahi kuwa muuguzi atakijua akifungua ukurasa wa pili. Ndiyo sababu naona wapelelezi bora wa kazi hii si lazima watoke polisi. Mhasibu anajua pesa zilikwenda wapi, ila muuguzi anajua usiku wa wodi unafananaje.

Kupata kitabu ni jambo moja, kukifikisha kortini ni jingine. Upekuzi kwa kawaida unahitaji amri ya korti, orodha ya vilivyochukuliwa lazima isainiwe, na kila aliyekishika kitabu aweze kueleza alikipokea kwa nani. Kwa kompyuta kuna mtego zaidi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka karatasi iliyochapwa kutoka kwenye mfumo iambatane na cheti cha mtu anayehusika na mfumo huo, kinachoeleza ilivyotolewa na kwa kifaa gani. Bila cheti hicho, wakili wa utetezi atasimama, atapinga, na rundo lote la madai ya uongo litabaki nje ya kesi. Ni karatasi moja tu.

Kazi ngumu kuliko zote ni kuongea na mgonjwa, na hapa Mombasa ina masharti yake. Huwezi kushuka Majengo na gari la serikali, ukapiga hodi mchana, ukamuuliza mama mbele ya majirani kama alipasuliwa. Habari za afya za mtu ni siri yake kwa Katiba, kwa Sheria ya Afya ya 2017 na kwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Anahitaji kueleweshwa na kukubali, la sivyo iwepo amri ya korti. Kovu haliangaliwi na mpelelezi. Huangaliwa na daktari, awe mwanamke kama mama anataka, na si katika kituo kinachochunguzwa. Jambo hilo ni dhahiri, lakini daktari wa kike, siku anayoweza mama na nauli yake ni mambo matatu ambayo hayapatikani kwa pamoja mara kwa mara.

Maswali nayo yana mpangilio. Anayejua kazi haanzi na hospitali. Mrudie bibi yetu wa Likoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu, keti."

"Siku ile ulipelekwa na nani, bibi?"

"Na mjukuu wangu. Tulikwenda kwa tuktuk, kurudi pia tuktuk."

"Mlirudi saa ngapi?"

"Magharibi niliswali hapa hapa kwangu."

Sala hiyo ya magharibi imebomoa siku nne za kulazwa. Mjukuu naye akifungua simu, ujumbe wa M-Pesa wa nauli ya kurudi uko palepale, na saa imeandikwa. Ushahidi wa namna hii hauko kwenye mfumo wa hospitali na hakuna wa kuufuta.

Mara nyingi bibi ana hofu moja ambayo haisemi upesi: kidole niliweka mimi. Mfumo umekuwa ukitaka alama ya kidole au namba ya siri inayotumwa kwenye simu, na yeye alivitoa vyote, hakujua vinathibitisha nini. Wapo wengine waliovitoa wakijua. Kambi ya matibabu ya bure inakuja mtaani, kitambulisho kinaandikishwa, kidole kinawekwa, mtu anapewa dawa za maumivu na nauli. Mpelelezi lazima aamue mapema: huyu ni shahidi au mshukiwa? Akimhoji kama shahidi, kisha katikati ya maelezo akambadilisha kuwa mshukiwa bila kumwonya kwa mujibu wa sheria, maelezo yale huenda yasifae kitu. Mimi ningewaweka karibu wote upande wa mashahidi. Aliyepewa mia tano ili dai la elfu thelathini lipite hakuwa mshirika wa biashara.

Dhuluma yenyewe, ukiiondoa kwenye pesa, ina sheria za kutosha. Kanuni ya Adhabu inamshika anayetoa dawa au matibabu kwa uzembe unaohatarisha mtu. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006, kifungu cha 24, inamtaja waziwazi mfanyakazi wa hospitali anayetumia nafasi yake kumtendea mgonjwa kosa la kijinsia. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 124, inairuhusu korti katika kesi za kijinsia kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake, mradi hakimu aandike kwa nini ameamini. Kuzuiliwa hospitalini kwa sababu ya bili nako kulishaamuliwa: mwaka 2015 Mahakama Kuu ilisema hospitali ya Pumwani ilivunja haki za wanawake wawili iliyowazuia baada ya kujifungua kwa kuwa hawakuwa na pesa. Na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5 mwanamke aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma na kutukanwa na kupigwa na wauguzi.

Kinachopungua ni njia ya kumfikisha mtu hapo. Aliyepigwa anahitaji P3, fomu ya polisi ya kuthibitisha majeraha, nayo hujazwa na daktari. Katika mtaa wenye hospitali moja ya serikali, mgonjwa aliyepigwa na mhudumu anarudishwa kujaziwa fomu kwenye jengo lilelile, pengine na mtu anayekula meza moja na aliyempiga. Hakuna sheria inayomlazimisha kurudi hapo. Anaweza kujaziwa kwingine. Ni vile tu hakuna anayemwambia.

Halafu kuna vifo. Maiti ya Mwislamu hapa haikai. Akifa alfajiri, adhuhuri ikisaliwa na jeneza limeshatoka msikitini. Kibali cha maziko kimeandikwa presha, au sukari, na familia imekubali kwa sababu ndiyo kadari. Baada ya arubaini ndipo binti anakumbuka kwamba mama alikuwa akiomba maji tangu usiku na hakuna aliyekuja, au ndugu anaona bili yenye upasuaji ambao hakuna aliyeambiwa. Kufukua kaburi kunahitaji amri ya hakimu, na kabla ya hakimu kuna vita vya nyumbani: huyu anataka haki, yule anasema mwacheni apumzike. Mpelelezi mwenye busara huenda kwanza kwa imamu na wazee wa familia, hata kama sheria haimtaki. Na mara nyingi hufanya hesabu kwamba kaburi lisiguswe. Hapo anabaki na chati: presha ilipimwa saa ngapi, dripu ilibadilishwa lini, nani alisaini. Chati yenye vipimo vya presha vya saa tisa, saa kumi na saa kumi na moja usiku, vyote sawasawa hadi tarakimu ya mwisho, inasema kitu ambacho hata maiti haingesema.

Umuhimu wa bili unaonekana hapo. Hospitali iliyoandika kwamba ilimhudumia marehemu kila saa ili ilipwe, haiwezi kumgeukia hakimu na kusema muuguzi alikuwa mmoja kwa wagonjwa thelathini, hakufika. Lazima ichague uongo mmoja. Anayeshika faili la pesa peke yake haioni nafasi hiyo, na anayeshika faili la dhuluma peke yake hajawahi kuiona bili.

Nisiwapake wote matope. Dai lililokataliwa si wizi. Makarani hukosea misimbo, viwango vilibadilika tulipotoka NHIF kuingia SHA, na hospitali nyingi, za dini na za watu binafsi, zimelalamika kwa muda mrefu kwamba zinadai serikali na hazilipwi kwa wakati. Wapo wanaosema wanaongeza madai kwa sababu wanajua watalipwa nusu. Siafiki. Anayecheleweshewa malipo halali anakwenda kortini au anafunga duka. Hajazi wagonjwa hewa. Ila mpelelezi anapaswa kutenganisha kosa na mazoea. Msimbo mmoja uliokosewa ni kosa, na msimbo uleule kukosewa kila Ijumaa, kila mara kwa faida ya hospitali, ni mpango.

Mwezi wa Agosti 2025 Waziri wa Afya, Aden Duale, alitangaza kusimamishwa kwa makumi ya vituo kwa tuhuma za ulaghai na kukabidhi mafaili kwa DCI. Aina za ulaghai alizozitaja ni hizi hizi: wagonjwa hewa, matibabu madogo kuandikwa makubwa, waliotibiwa na kwenda nyumbani kuandikwa wamelazwa. Watu walishangilia, na nawaelewa. Lakini kituo kikisimamishwa leo, mgonjwa wa figo aliyekuwa na kikao kesho asubuhi anakwenda wapi? Kusimamisha ni hatua ya ofisi ya malipo, inachukua siku moja. Upelelezi unachukua miaka. Tukichanganya haya mawili tunadhani kesi imekwisha kumbe haijaanza.

Katikati ya miaka hiyo ndipo mashahidi hupotea. Muuguzi kijana aliyepiga picha kitabu cha thieta ana mkataba wa miezi sita. Ile sheria ya ufisadi ya 2003 inamlinda mtoa habari asitajwe, na sheria ya kulinda mashahidi ipo tangu 2006, lakini katika mji ambapo kila mtu ni shemeji wa mtu, hahitaji kutajwa: walikuwa watatu zamu ile. Mpelelezi naye ana ndugu waliolazwa. Simu itapigwa, itaanza na salamu ndefu, na mwisho itaulizwa kama jambo hili haliwezi kuzungumzwa kinyumbani.

Jambo la mwisho ambalo familia nyingi hulijua likiwa limeshapita: kesi ya jinai kwa kawaida haimlipi mgonjwa. Mwenye kituo akifungwa na kutozwa faini, fedha zinarudi serikalini. Mgonjwa anayetaka fidia kwa kawaida hufungua kesi yake mwenyewe ya madai, na hiyo ina muda. Kwa uzembe au kuumizwa ni miaka mitatu tangu kosa lilipotendeka. Kwa anayeishtaki serikali ni miezi kumi na miwili tu. Faili la jinai linaweza kumaliza muda huo wote likizunguka kati ya SHA, DCI na ofisi ya mashtaka, na hakuna ofisi hata moja kati ya hizo inayotakiwa kumjulisha bibi wa Likoni kwamba muda wake unakwisha. Aliyechelewa bado ana mlango wa haki za kikatiba, ambao haukuwekewa idadi ya miaka ingawa jaji atauliza kwa nini ulikawia. Mwanamke wa Bungoma alipitia huo. Yaliyompata yalitokea mwaka 2013, akashinda 2018.